Mwezi Uliopenda Karungu Peke Yake

Karungu, Jumapili, saa nane mchana

Awuor nyathina, mwanangu mwenye paji la uso pana kuliko kiwanja cha mpira,

Umeenda Magunga kumuaga nyanya yako, na najua hatakuachilia kabla ya jioni. Atakulisha kuku mzima, halafu atakulilia shingoni. Mama yako yuko ufuoni anaanua omena. Kwa hivyo nyumba ni yangu, kalamu ni yako (nimeiiba mezani kwako, usiitafute), na nina masaa kama matatu ya kuwa mtu mkweli. Hayo ni mengi kwangu. Sijawahi kumaliza hata moja.

Mambo ya sabuni, ya kufuli, ya wavulana wa chuo wenye ndevu tatu na maneno elfu, hayo mama yako atakuambia, na atayarudia mpaka gari ling'oke. Mimi hayo nayaruka.

Naandika kwa sababu unanijua. Mdomo wangu ukianza jambo zito, unaligeuza mzaha kabla halijafika katikati. Ndivyo nilivyotoka shuleni Kidato cha Pili: mwalimu mkuu alikuwa ananifukuza, nikamchekesha, akanifukuza akiwa bado anacheka. Na ndivyo nilivyomuoa mama yako. Nilikuwa na miaka kumi na saba, yeye amenizidi mwaka, wewe uko tumboni, na baba yake, Mkuria mrefu kama mlingoti, anataka kujua nitawalisha nini. Nikamwambia, "Mzee, nitawalisha kwa akili." Alinitazama kwa muda mrefu sana. Mpaka leo nafikiri alikuwa anaitafuta hiyo akili.

Lakini niliwalisha, au siyo? Hapa ufuoni naitwa Injinia, na sikujipa jina hilo mimi. Sawa, nilijipa, lakini waliitika. Nimefufua injini za boti ambazo wenyewe walishazililia. Kutoka hapa mpaka Muhuru Bay, paneli ya sola ikigoma, wanasema mpelekee Ouma. Nakumbusha haya ili ujue ni nini nilikuwa naogopa kupoteza. Ukisoma mpaka mwisho utaona ni kitu kidogo sana. Wakati ule nilikiona kikubwa kuliko ziwa.

Unakumbuka ukiwa darasa la kwanza uliniuliza redio inasikiaje maneno bila waya? Sikuwa najua. Badala ya kusema sijui, nikakuambia kuna watu wadogo sana wanaopanda upepo na kuingia kwa mlingoti wa redio. Ukaenda ukayasema darasani. Walikucheka mpaka ukarudi nyumbani mchana ukiwa na kamasi mpaka kidevuni. Nikadhani utanikasirikia. Wewe ukaniambia, "Baba, mwalimu hajui redio." Nilicheka siku nzima, nikawahadithia watu wote ufuoni. Ningekuwa na akili ile niliyomwahidi babu yako, ningeogopa.

Sasa nifike.

Ulikuwa Kidato cha Kwanza walipoleta lile sanduku. Vyuo vikuu vitano vya nchi hii, ambavyo kwa kawaida hata havisalimiani, vilikuwa vimekubaliana kufanya kazi moja. Profesa Nduku, wa kimojawapo cha vyuo hivyo, alitueleza akiwa amekaa kwenye kopo la rangi pale bandani kwangu, na gauni lake zuri. Alisema chuo kimoja peke yake hapa kwetu hakiwezi utafiti wa chembe. Kimoja hakina vifaa, kingine hakina walimu, kingine kina walimu lakini hakina stima ya kuaminika. Basi hiki kitaunda bodi za umeme, kile kitengeneze mabamba yanayometa chembe ikipita, wale wa Pwani washike vipimo, wengine kompyuta, na namba zote ziwekwe chungu kimoja. Masanduku matano, pembe tano za nchi, yakihesabu chembe zinazotunyeshea kutoka angani usiku na mchana, zinazopita bati na fuvu bila kubisha hodi. Wakionyesha wanaweza hilo kwa pamoja, wale wenye mashine kubwa ya kugonganisha chembe huko Ulaya watawapa kazi ya kweli, si kualikwa kutazama tu.

Sanduku la tano lilipaswa kukaa shuleni kwenu. Lakini shule ilikuwa na wezi wa paneli, na mimi nilikuwa na mbwa na jina. Likawekwa nyuma ya banda langu. Nikapewa ufunguo wa kabati la chuma lenye betri mbili kubwa, na kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi na kutofanya kitu kingine chochote. Profesa alisema hivyo hivyo. "Ouma, kazi yako ngumu ni kutofanya kitu." Nikamjibu, "Profesa, hiyo nimeisomea."

Halafu Simiyu akaja.

Wewe unamkumbuka kama mtu wa hesabu zilizopikwa. Mimi namkumbuka akitoa vichwa vya omena kimoja kimoja kwa kucha, anavipanga pembeni ya sahani kama askari, na wewe unamcheka, "Sasa mwanasayansi anaogopa macho ya samaki?" Alikuwa anasomea shahada ya pili katika chuo kingine kati ya vile vitano, si cha Profesa, na sanduku letu ndilo lilikuwa lake la kuchunguza. Kila likizo alikuja, alilala kwetu, akakufundisha. Ile siku ulielewa kwa nini chembe inayopaswa kufa njiani inafika chini ikiwa hai, ulikimbia ukizunguka nyumba ukipiga kelele, na mama yako akadhani ni nyoka. Ni yeye alikupa hiyo. Si mimi.

Mwaka huohuo rafiki yangu Odhis, yule mwenye boti ya bluu, aliibiwa betri za taa. Unajua omena haishikwi mwezi ukiwaka. Inataka giza, na ndani ya giza inataka taa. Bila betri, Odhis na watu wake wanne walikuwa wanakaa tu. Akaja bandani.

"Omera Injinia, ndugu yangu, si hapa kuna mbili?"

"Ni za serikali."

"Serikali inavua omena? Nipe moja. Giza hili tu. Kila jua likichomoza iko hapa."

Mama yako alikuwa anasikia. Alisubiri Odhis aondoke. "Baba Awuor, hiyo kitu si yako."

"Ni kuazima tu. Ziko mbili. Mtu akifumba jicho moja, kwani haoni?"

"Anaona," akasema. "Lakini hajui kitu kiko mbali kiasi gani."

Nikamwambia Wakuria wanapenda kubishana. Nikatoa betri moja, nikaunganisha nyingine kwa ustadi wangu wote, taa ya kijani ikaendelea kuwaka. Nikajisifu, walai. Niliona nimewashinda maprofesa. Asubuhi Odhis alirudisha betri ichajiwe na paneli za sanduku, na karai ya omena juu yake. Giza lile likawa giza lililofuata, na lililofuata. Tulikula ile omena mpaka ukamaliza Kidato cha Nne, Awuor. Ulinenepa nayo.

Nilichokuwa sijui ni hiki. Karibu na alfajiri, ile betri moja ikichoka, sanduku halizimi. Linasinzia. Macho yake yanalegea, linahesabu chembe chache kuliko zilizopita. Kuna kipimo cha volti ambacho kingenitaja, lakini kilikuwa kimeungua na radi, na kipya kilitakiwa kutoka Pwani, na Pwani walikuwa kwenye mgomo. Hivyo namba zikaenda kwenye chungu cha pamoja zikiwa na ugonjwa, na hakuna aliyejua ila mimi na Odhis na mama yako, na sisi hatukujua tunachojua.

Mpaka siku ile Simiyu alipokuja mbio kutoka barabarani, begi linampiga mgongoni.

"Baba Awuor! Mwezi!"

Alifungua kompyuta yake juu ya injini niliyokuwa nimeipasua. Akanionyesha mstari unaopanda na kuteremka, unapanda na kuteremka. Kila mwezi unapotoweka, chembe zinapungua. Unaporudi, zinarudi. Alisema huenda hakuna mtu amewahi kuona hivi, akaanza kunieleza kwa nini, na mimi sikumsikia. Nilikuwa naangalia ule mstari. Katika kila bonde lake niliona boti ya Odhis.

Kisha akaniuliza. Aliniuliza vizuri, Awuor, kama anavyopaswa kuuliza. Usije ukasema hakuuliza. "Baba Awuor, nisaidie. Kuna kitu chochote kinachobadilika hapa wakati wa giza? Mtu anachomeka kitu? Betri zinaguswa?"

Nikamwambia, "Bwana Simiyu, hapa hakuna kitu kinabadilika bila Injinia kujua."

Akacheka. Akafungua kabati mwenyewe, akaona betri mbili zimekaa kama maharusi. Ilikuwa saa sita mchana. Akaandika.

Ningeweza kusema wakati ule. Ingekuwa aibu ya siku moja, angenitukana kidogo, angefuta zile siku, mambo yangeisha. Nimelirudia hilo kichwani mara nyingi kuliko nilivyorudia darasa. Lakini Profesa Nduku alikuwa ananiita "mlinzi wetu mwaminifu" kwenye simu, mbele ya watu, na mimi sikuwa nimeitwa mwaminifu na mtu aliyesoma tangu nizaliwe. Nikajiambia nitaacha kuazimisha, mstari utanyooka wenyewe, atausahau. Giza lililofuata Odhis alikuja, nikampa.

Halafu Homa Bay. Unaikumbuka siku ile kwa furaha, ndiyo maana inaniuma. Mkutano wa vyuo vyote vitano, ukumbi una mapazia, nami nimevaa koti la Odhis, nina kadi yenye jina langu shingoni. Wewe umekaa kando yangu na sare yako ya shule. Tulikula sambusa sita. Simiyu akasimama mbele, akaonyesha mstari wake. Yule mama wa kutoka Bonde la Ufa, mwenye miwani kwa kamba, akainua mkono.

"Nina swali dogo. Masanduku mengine manne hayaoni huu mwezi. Kwa nini mwezi upende Karungu peke yake?"

Watu wakacheka. Simiyu akasema ndiyo maana ameuleta mbele yao, ili wasaidiane. Yule mama hakucheka. "Kijana, hizi namba umezipata au umezichora?"

Hapo ndipo Profesa Nduku, kwa wema wake, akasema mlinzi yupo hapa, tumuulize yeye. Na watu wote wale waliosoma mpaka wakaisha nywele wakageuka kunitazama.

Nilisimama, Awuor. Nilivuta koti la Odhis. Nikasema, "Betri za Karungu hazijawahi kutoka kabatini hata siku moja."

Wakapiga makofi. Wewe ulipiga kuliko wote. Nilisikia viganja vyako pembeni ya sikio langu.

Kwa sababu kama sanduku halikuguswa, basi kilichoguswa ni hesabu. Hivyo ndivyo walivyoelewa, na mimi niliona wakielewa. Baadaye nilitoka nje nikamkuta Simiyu kando ya tangi la maji, amevua tai. Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige. Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Asante kwa kusema ukweli, Baba Awuor. Basi kosa ni langu. Nitalitafuta."

Aliniamini mimi akaacha kujiamini yeye.

Hakulipata, bila shaka. Angelipata wapi? Chuo chake kilimpa muda, akakesha nao, mwisho akaondoka bila shahada. Namba za Karungu zote zikatupwa, hata zile nzuri za mchana. Na juzi ulipopata barua ya kuitwa chuoni, ukaruka ukishika shingo ya mama yako, ulisema, "Mimi sitakuwa kama Simiyu aliyepika hesabu." Nilitoka nje nikajifanya nalisha mbwa.

Jana niliwaambia naenda Migori kununua kamba ya kufungia sanduku lako la nguo. Ni kweli nilienda. Niliingia hadweya ya Mzee Abdi, ile karibu na soko, na aliyekuwa nyuma ya mizani anapima misumari alikuwa Simiyu. Amekonda. Ana kalamu sikioni kama zamani.

"Baba Awuor! Karibu! Awuor aliingia chuo?"

"Anaenda Jumatatu."

"Kwa Profesa? Fizikia?" Uso wake ulifunguka wote. "Mwambie, mwambie akiona kitu cha ajabu, aangalie mkono wake mwenyewe mara tatu kabla hajaiangalia mbingu. Mimi niliangalia mara moja."

Nilimuuliza kwa nini hakurudi kwao. Akasema ataendaje na mikono mitupu, kijiji kizima kilichanga harambee ya kumsomesha. Nikanunua misumari kilo mbili ambayo sina kazi nayo. Nikatoka. Nikafika stendi, nikapanda, nikakaa, kondakta akaanza kukusanya nauli, na nikasikia yale makofi yako. Nikashuka. Nilirudi dukani nikamwambia mbele ya Mzee Abdi na mwanamke aliyekuwa ananunua bati na misumari. Yote. Odhis, giza, karai, na kwamba nilijua tangu siku ya kompyuta.

Unajua aliniambia nini? Hakupiga kelele. Alimalizia kupima misumari ya yule mwanamke. Halafu akararua kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, akatoa kalamu sikioni, akauliza, "Usiku gani?"

Nikamwambia ninaokumbuka. Kutoka mwezi ulipoisha mpaka ulipoanza kuonekana tena, na miezi miwili ambayo Odhis alikuwa mgonjwa sikumpa. Akaandika. Alipofika ile miezi miwili, kalamu ikasimama. "Miezi hiyo mstari ulinyooka," akasema. "Nilifikiri sanduku limeharibika." Akacheka kidogo. Halafu akafunika uso na ile karatasi, na Mzee Abdi akaja akamshika bega akampeleka nyuma kwenye mabati.

Alitoka baadaye, macho mekundu. Nikamwambia nitampa barua aipeleke vyuoni. Akakataa. "Nikiipeleka mimi watasema nimekununua. Na Awuor? Anajua?"

"Bado."

"Mwambie kabla hajapanda gari. Anitukane au asinitukane, lakini asiende kule kukutetea. Atakutetea vizuri sana. Namjua, nilimfundisha."

Kwa hivyo barua ndiyo hii.

Nilikuwa nimeandika karatasi ya pili, ya Profesa, nikafikiri utaibeba wewe. Nimeichana. Nilishamtwika mtoto wa watu mzigo wangu, siwezi kuubandika kichwani pako halafu nikuage kwa kitambaa. Kesho nitapanda gari na wewe. Nitaingia ofisini kwa Profesa Nduku mwenyewe, na nitasema bila kuchekesha mtu. Nimefanya mazoezi mbele ya mbwa. Nitamtaka aite wale wa vyuo vingine vinne, hata yule mama wa miwani, kwa sababu nilisema uongo mbele yao wote na si mbele ya mmoja. Simiyu amenipa ile karatasi ya saruji. Iko kwenye mfuko wa shati.

Sasa kuna neno lililobaki, na hili limeninyima usingizi. Barua yako ya kuitwa imekutaja kuwa "binti wa mlinzi wetu mwaminifu wa Karungu." Alama ni zako, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini nafasi katika kundi lile la utafiti la Profesa ni ya wachache, na sentensi ile ilikusukuma. Kesho naiondoa kwa mikono yangu. Sijui baada ya hapo watakuona wewe au wataniona mimi ndani yako. Mama yako ameniuliza kama siwezi kungoja mpaka uzoee kule, mwaka mmoja tu. Nimengoja, Awuor. Kila nilipongoja, Simiyu ndiye aliyelipa.

Ukinichukia, elewa tu kwamba sikukudanganya kwa sababu nilikudharau. Nilipenda vile ulivyonitazama. Mtu akipenda kutazamwa hivyo sana, anaanza kufanya kazi ya kulinda yale macho, na anasahau aliyekuwa nayo.

Wewe kule watakupa sanduku la kutunza, au hesabu za watu wengine ukazijumlishe na zako. Watu ambao hutawaona kamwe wataamini namba yako kwa kuwa umeiandika. Siku utakayokosea, na utakosea kwa sababu una damu yangu, simama siku hiyohiyo hata kama umevaa koti la kuazima. Sina zaidi ya hilo, na hilo lenyewe nimelipata kwa gharama ya mtu mwingine.

Nikiwa ndani kwa Profesa, usisimame mlangoni kunisubiri. Nenda kwenye foleni ya kujiandikisha, toa vyeti vyako, sema jina lako lote kwa sauti. Wakikuuliza kama wewe ni binti yangu, jibu utakavyoona.

Na njiani, kama hutataka tukae kiti kimoja, kaa mbele karibu na dereva. Mimi nitakaa nyuma.

Baba yako,
Ouma